Mkono wa Pikipiki ya Parsimei

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anneth alifagia gereji ya baba yake. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati mjini Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Miaka ile lami ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo kila gari la watalii lilipopita, vumbi jekundu liliingia bila hodi na kutua juu ya kila kitu. Anneth alinyunyiza maji, akafagia, kisha akaburuta sumaku sakafuni ili kuokota nati na washa, zile pete za chuma, zilizoanguka jana yake.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na tayari aliweza kuziba pancha, kusafisha plagi na kukaza mnyororo wa pikipiki bila kuelekezwa. Baba yake, fundi Clemensi, alikuwa Mchaga kutoka Kibosho aliyekuja Karatu kutengeneza magari ya utalii. Wenzake walipomcheka kwamba amemgeuza binti yake kuwa fundi, alijibu, "Spana haiulizi nani kaishika."

Nyuma ya banda zilisimama pikipiki mbili zisizotembea. Ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, nzito, ya rangi ya kijani iliyopauka, yenye umri mkubwa kuliko Uhuru wa nchi. Ilikuwa ya marehemu babu yake Anneth, ambaye aliipanda akikagua mashamba ya kahawa mlimani. Clemensi alipokuwa mdogo, baba yake alimkalisha mbele juu ya tangi na kumpeleka shule, na hadi wakati ule, kila alipoifuta pikipiki ile, aliimba polepole kwa Kichaga.

Injini yake aliisuka upya, ikawaka. Shida ilikuwa kile chuma cha nyuma chenye ncha mbili, kinachoanzia kwenye fremu na kushika gurudumu la nyuma, kikipanda na kushuka pikipiki inapopita kwenye mashimo. Clemensi alikiita mkono. Mkono wa pikipiki ya babu ulikuwa umeliwa na kutu. Aliuchomelea, ukapasuka, akauchomelea tena, ukapasuka pembeni tu ya pale. Alitafuta mwingine Arusha na Moshi, asiupate. Pikipiki za aina ile hazikuwapo tena barabarani.

"Siku itakapotembea," alimwahidi Anneth, "wewe ndiwe utakuwa wa kwanza kukaa nyuma. Krismasi tutaipanda mpaka Kibosho. Bibi yako ataisikia inavyonguruma, atadhani mumewe amerudi."

Pikipiki ya pili ilikuwa ya Kijapani, nyepesi, na mwenyewe alikuwa Mmasai wa Olbalbal aliyeitwa Parsimei. Huyu alifundishwa na mradi wa kanisa kutibu mifugo, na kwa pikipiki ile alizungukia maboma ya uwandani akichoma sindano ndama wenye ndigana, homa iletwayo na kupe. Aliileta gereji injini ilipokufa, kisha yeye mwenyewe akashikwa na kifua kikuu, akalazwa. Ikapita masika, likapita kiangazi, na pikipiki ikabaki imefunikwa gunia.

Binti yake Parsimei, Nareyu, aliishi kwa shangazi yake Karatu ili asome. Walikaa dawati moja na Anneth. Waligawana kalamu, waligawana mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko, na Nareyu alipokosea neno la Kiswahili, ni Anneth tu aliyeruhusiwa kucheka.

Siku moja wakiwa wanatoka darasani, Nareyu alimshika mkono.

"Baba ametuma salamu na wale waliokuja mnadani. Ametoka hospitali, anapona. Amesema umwambie baba yako aitunze pikipiki, asiifanye kitu. Akipata nguvu atakuja."

"Nitamwambia," alisema Anneth.

Na kweli alikusudia kumwambia. Lakini alipofika gereji alimkuta baba yake amechuchumaa katikati ya zile pikipiki mbili, gunia limetupwa pembeni, akipima kwa futi. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyeona gari la matangazo.

"Anneth, njoo uone! Nimekaa na dawa ndani ya nyumba, nami nazunguka nchi nzima nikitafuta mganga. Mkono huu wa Parsimei unakaribia kuingia. Hautoshi, lakini unakaribia. Tukiukata hapa, tukipanua tundu hapa, utakubali."

Anneth alisimama, mkoba ungali begani. Clemensi akaendelea kupima, mara akasita.

"Ila ni mali ya mtu. Huyu rafiki yako, hajasema lolote kuhusu baba yake?"

Maneno ya Nareyu yalikuwa mdomoni. Yalihitaji kutoka tu. Lakini Anneth aliitazama pikipiki ya babu, akautazama uso wa baba yake, akaiona njia ya Kibosho, migomba huku na huku, na upepo ukimpiga usoni.

"Alisema baba yake alikuwa amelazwa hospitali," akajibu. "Kifua."

Hapakuwa na uongo katika maneno hayo. Ulikuwa ukweli, ila ulikuwa kipande.

"Maskini," alisema Clemensi akitikisa kichwa. "Kifua na vumbi la Olbalbal haviendani. Huyo hatapanda pikipiki tena. Basi, akija siku moja, nitamtafutia mkono mwingine. Wa Kijapani haukosekani Arusha."

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Mkono wa Kijapani ulikuwa mwembamba pale unapoingia kwenye fremu, na tundu lake lilikuwa dogo kwa bolti nene ya pikipiki ya Kiingereza. Clemensi aliupeleka kwa Martini, fundi wa kukereza vyuma, ambaye alilipanua tundu lile na kuchonga bushi mbili za kuziba nafasi iliyobaki pembeni. Kisha ikaonekana kwamba masikio ya chuma ya kushikia shokapu, zile springi za nyuma, yamekaa nyuma mno. Clemensi akachukua msumeno wa chuma, akayakata. Anneth alishikilia mkono ule usitikisike, na unga wa chuma ukamwangukia vidoleni. Kila msumeno ulipokwenda na kurudi alijiambia, "Nitamwambia kesho." Sikio la kwanza likaanguka sakafuni, kisha la pili.

Masikio mapya yalichomelewa mahali pake. Walipoufunga mkono kwenye fremu, ulikubali kwa shida, kama mguu unaoingia kwenye kiatu kipya. Clemensi akafunga gurudumu, akamwambia Anneth ashike uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele ili waone kama yamenyooka. Hayakunyooka. Walifungua, wakaongeza washa upande mmoja, wakafunga, wakapima. Mara ya tatu uzi uligusa matairi yote mawili sawasawa, na mnyororo ukazunguka kimya bila kuvutana.

"Hapo!" alisema Clemensi. Akamkumbatia binti yake kwa mikono yake yenye grisi.

Jumapili walikwenda nayo kanisani. Watu walitoka madukani kuitazama, na wazee waliokuwa wamewahi kuziona za aina hiyo zamani walipiga makofi. Anneth alikaa nyuma, amemshika baba yake kiunoni, na kupitia mgongoni mwake alimsikia akicheka. Karibu na soko walimpita Nareyu amebeba ndoo ya maji. Alipunga mkono kwa furaha, akapiga kigelegele kwa ajili ya rafiki yake. Anneth alijifanya anarekebisha gauni. Tangu hapo safari ile haikuwa na utamu tena.

Wiki chache baadaye, wakiwa wametoka shule, Anneth na Nareyu walimkuta mtu mrefu, mwembamba, amevaa shuka nyekundu, ameketi kwenye benchi la gereji. Alikuwa Parsimei. Alikuwa amepanda lori kutoka Ngorongoro, na mashavu yalikuwa yameingia ndani, lakini alisimama wima. Nareyu alikimbia, akainamisha kichwa, na baba yake akamwekea kiganja utosini kama desturi yao ilivyo.

"Fundi," alisema Parsimei, "ndigana imeingia kwetu. Ndama wanavimba tezi, wanakufa. Dawa nimepata, boksi hili hapa. Ila maboma yako mbali na miguu yangu bado haina nguvu. Nimekuja na kipuri cha injini. Nifungie, niondoke."

 Polepole Clemensi aliliondoa gunia. Pikipiki ya Kijapani ilikuwa imekaa juu ya tofali, gurudumu la nyuma limelazwa kando, na mahali pa mkono hapana kitu.

Parsimei aliinama kuitazama. "Imekuwa hivi kwa nini?"

"Nilidhani hutarudi," alisema Clemensi, sauti imeshuka. "Niliutumia mkono wako kwenye hii ya baba yangu. Nisamehe, mzee wangu. Kama ningepata neno kutoka kwako, nisingeigusa."

"Lakini neno nilituma!" Parsimei alimgeukia binti yake. "Nareyu! Sikukutuma wewe?"

Nareyu alifungua mdomo. Akamtazama Anneth. Hakusema, "Nilimwambia huyu." Alimtazama tu, akimngoja rafiki yake aseme mwenyewe.  Anneth akayaangusha macho chini.

"Nakuuliza wewe!" Parsimei alinguruma, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta. "Nimeuza fahali usome. Naagiza neno moja tu, unalisahau. Mji umekuharibu."

Nareyu alilia bila sauti. Clemensi alijaribu kutuliza mambo, akaahidi kwamba atakwenda Arusha kutafuta mkono mwingine, lakini Parsimei aliinua boksi lake la dawa, akalitia begani, akatoka barabarani kutafuta lori la kurudi nalo. Nareyu alimfuata nyuma, hatua kadhaa kutoka kwake, kichwa chini.

Jumatatu nafasi ya Nareyu darasani ilikuwa tupu. Jumanne vilevile. Jumatano mwalimu alisema kwamba baba yake amemchukua, na kwamba hajui kama atarudi. Wenzake walisikitika kidogo, kisha wakaendelea na hesabu. Anneth hakuweza kuandika hata tarakimu moja. Mapumziko yalipofika alinunua mihogo kwa mazoea, akabaki ameishika mpaka ikapoa, akampa mtoto wa darasa la kwanza.

Siku zile hakula vizuri. Mama yake alimpima joto kwa mkono, akadhani ni malaria. Mwishowe, Ijumaa jioni, Clemensi alipokuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga, Anneth akimmiminia maji, maneno yalimtoka binti bila kuyapanga.

"Baba, Nareyu alifikisha ujumbe."

Clemensi aliendelea kusugua vidole. "Ujumbe gani?"

"Wa baba yake. Aliniambia mimi. Kwamba usiiguse pikipiki, kwamba anapona. Siku ile ulipokuwa unapima, ulipouliza... mimi nilijua. Sikusema."

Maji yaliendelea kutoka kwenye jagi mpaka yakaisha. Clemensi aliangalia mikono yake, bado ina povu.

"Na alipokuwa anamgombeza mtoto wake mbele yetu?"

"Nilijua, baba."

Anneth alingoja kipigo, au kelele. Angependa kelele. Baba yake alikaa tu juu ya tairi kuukuu na kufunika uso kwa kiganja chenye sabuni.

"Kesho tutakwenda Olbalbal," alisema baadaye. "Utayasema hayo kule. Sitakusemea."

Waliondoka alfajiri kwa pikipiki ya babu. Kwenye geti la Ngorongoro askari walimfahamu Clemensi, kwa kuwa alikuwa akitengeneza magari yao, wakawaruhusu. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito na baridi ilipenya hadi mifupani. Kisha wakateremka upande wa pili, ukungu ukabaki nyuma, na uwanda wa Olbalbal ukatandazika chini yao, mkavu, wa rangi ya ngozi ya simba. Mkono wa Parsimei ulipanda na kushuka juu ya mawe bila kulalamika. Anneth alitamani uvunjike, wasifike.

Walifika. Juu ya ua wa miiba wa boma ngozi ndogo ndogo zilikuwa zimeanikwa. Anneth hakuhitaji kuambiwa kwamba ni za ndama. Bibi yake Nareyu, aitwaye Naisenya, alitoka kuwalaki.

"Takwenya," alimsalimu Anneth.

"Iko," Anneth aliitikia, kama Nareyu alivyomfundisha.

Parsimei alikuwa amelala kivulini mwa nyumba, miguu imevimba. Alikuwa ametembea kutoka boma hadi boma na boksi begani mpaka nguvu zikamwishia. Maboma ya mbali hakuyafikia. "Huko wamekufa wengi," alisema. "Dawa ninayo. Miguu ndiyo sina."

Nareyu akaja akiswaga punda wenye madumu ya maji. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alipomwona Anneth alisimama, hakusogea.

Anneth alipiga magoti mbele ya Parsimei. Alisema yote, kuanzia salamu za mnadani hadi siku ya benchi la gereji. Alisema kwa sauti ndogo, akakatizwa na kilio, akaendelea. "Nareyu hakusahau. Mimi ndiye niliyenyamaza. Nilitaka pikipiki ya babu itembee."

Bibi Naisenya aliuliza kitu kwa Kimaasai, naye Nareyu akamjibu kwa maneno machache. Bibi akaguna. Parsimei aliinuka kwa taabu, akajikokota hadi kwa binti yake. Nareyu aliinamisha kichwa. Baba yake akaweka kiganja utosini pake, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, akisema maneno ya Kimaasai ambayo Anneth hakuyaelewa. Lakini aliona mabega ya Nareyu yakitikisika.

Clemensi akazungumza. "Mkono wako nimeukata, mzee. Tundu likishapanuliwa halirudi, na chuma kilichokatwa hivyo sitathubutu kukikata tena na kukifunga kwenye pikipiki yako, kikavunjika mlimani. Mwingine nimeuagiza Arusha, bado haujapatikana. Na ndama hawawezi kungoja." Akapapasa tangi la kijani. "Mkono ni wako. Pikipiki bila mkono haiendi. Basi chukua yote."

"Hii ni ya marehemu baba yako," alisema Parsimei.

"Ni yake. Asingependa nitembee kwa mguu wa mtu mwingine."

Parsimei alimtazama sana. Kisha akapokea ufunguo kwa mikono miwili. Clemensi alimwonyesha jinsi ya kuiwasha kwa teke, na namna ya kuituliza injini inapopata joto. Boksi la dawa likafungwa nyuma kwa kamba za mpira, mahali alipokuwa amekaa Anneth. Injini ikanguruma, punda wakaruka, na Parsimei akaondoka kuelekea maboma ya mbali, vumbi likimfuata. Clemensi alisimama akisikiliza mngurumo ule hadi ulipopotea. Hapo ndipo Anneth alipomwona baba yake analia, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Walirudi Karatu juu ya lori lililokuwa limepeleka mahindi. Wiki iliyofuata ndigana ilikuwa imepungua Olbalbal, na Nareyu akarudi shule. Alichelewa mtihani wa katikati ya muhula, akaufanya peke yake ofisini kwa mwalimu. Kisha akaja, akakaa pale pale alipokuwa akikaa.

"Nisamehe," alisema Anneth.

"Nimekusamehe," alijibu Nareyu akifungua daftari. "Lakini nilikutazama, Anneth. Nilikutazama, na wewe ukaangalia chini. Hilo bado naliona." Wakati wa mapumziko hakukataa muhogo aliopewa, ila alikula taratibu, akitazama uwanjani. Ilichukua muda mrefu, mpaka masika ya mwaka uliofuata, kabla Anneth hajamsikia tena akicheka kama zamani.

Krismasi ya mwaka ule walikwenda Kibosho kwa basi. Bibi alipouliza pikipiki ya mumewe iko wapi, Clemensi alimweleza bila kuficha, na alipofika sehemu yake mwenyewe hakujipendelea. "Niliuliza mara moja tu," alisema, "kwa sababu jibu lile lilinifaa. Ningeuliza mara ya pili, mtoto angesema."

Baadaye, wakiwa wameketi wawili barazani, alimgeukia Anneth.

"Mwanangu, wewe hukusema uongo siku ile. Uliukata ukweli ili utoshe pale ulipotaka utoshe, kama nilivyoukata ule mkono. Nami ni fundi, najua: chuma kinaweza kukatwa kikachomelewa, na kikafanya kazi. Ukweli haukubali. Ukiukata kipande, aliyebaki na kile kingine ndiye anayeumia, na mara nyingi si wewe. Safari nyingine neno likiwa mdomoni, litoe lote, hata kama litanivunja moyo. Moyo wangu utapona. Wale ndama hawakupona."

"Ndiyo, baba," alisema Anneth.

 Aliwaza ngozi ndogo zilizoanikwa juu ya miiba, akaona kwamba neno moja lililosemwa kwa wakati wake lingetosha.